Gari la Kikundi Likikataa Kuwaka: Pimeni Kwanza Kabla ya Kununua Betri



Siku hizi vikundi vingi vina gari. Wengine wana pikapu ya kubeba maziwa, wengine wana matatu waliyoinunua kwa pesa za kuchangishana miaka mingi, wengine wana Probox kuukuu inayopeleka mboga sokoni na mgonjwa hospitalini. Ukifungua daftari la mweka hazina utaona petroli, utaona magurudumu, halafu utaona yale maandishi yasiyoeleweka: "umeme", "betri", "fundi wa waya", "umeme tena". Hapo ndipo pesa nyingi hupotelea na hapo ndipo ugomvi huanza. Gurudumu likipasuka kila mtu ataliona kwa macho yake. Umeme hauonekani, na juu ya kitu kisichoonekana mtu anaweza kukuambia lolote, ukakubali na ukalipa.

Malalamiko ya wenye magari ni yale yale kila mahali. Asubuhi gari linalia "tak!" halafu kimya. Taa zinafifia usiku. Fyuzi inaungua kila wiki. Taa nyekundu yenye picha ya betri inawaka mbele ya dereva, naye anaendelea na safari kama kwamba hajaiona. Hebu tuangalie mambo haya yanatoka wapi.

Mtungi na bomba

Fikiria betri kuwa mtungi wa maji, na alteneta kuwa bomba linaloujaza. Ukiwasha gari, stata huchota kutoka mtungini kwa nguvu sana, ampea mia moja na zaidi kwa sekunde chache tu. Injini ikishawaka, mkanda unazungusha alteneta, na alteneta inarudisha kile kilichochotwa na pia kulisha taa, redio na vingine vyote. Kwa hiyo ukikuta mtungi mtupu asubuhi, kuna mambo manne ya kuuliza. Je, mtungi wenyewe umezeeka? Bomba haliujazi? Kuna mahali unavuja usiku? Au maji yapo lakini njia imeziba? Fundi anayekuambia ununue betri mpya kabla ya kuuliza maswali hayo manne anakubahatisha, na anabahatisha kwa pesa zako.

Kuna kikundi kimoja cha maziwa ambacho kilinunua betri mbili kwa muda wa mwaka mmoja. Ya kwanza ilipokufa watu walisema ni bahati mbaya. Ya pili ilipokufa, maneno yakaanza: eti dereva ameiuza ile mpya mjini na kuweka kuukuu. Kamati ikamsimamisha kazi. Gari likawa linasukumwa kila alfajiri na vijana, na siku ambazo vijana hawakutokea maziwa yalichacha. Baadaye alikuja fundi mwenye mita, akaipima betri wakati injini inanguruma, akapata volti 12.3. Basi, jibu likawa hilo. Alteneta haikuwa inajaza kitu. Ndani yake kuna vipande viwili vidogo vya kaboni ambavyo mafundi huviita brashi, navyo vilikuwa vimelika hadi mwisho. Vipande hivyo bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na betri hata moja. Lakini yule dereva alikuwa ameshapata kazi kwingine, na mpaka leo hasalimiani na mwenyekiti.

Namba tatu za kukumbuka

Mita ya kupimia volti inauzwa katika maduka ya vifaa vya umeme, na ile ya kawaida bei yake haifiki hata robo ya bei ya betri. Maoni yangu ni kwamba kikundi chenye gari kinapaswa kuwa na mita yake, kama vile kilivyo na mhuri wake. Namba za kuangalia kwa gari la volti 12 ni hizi.

Asubuhi kabla ya kuwasha, betri iliyojaa husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikiwa chini ya 12, imeisha. Mwambie mwenzako awashe huku wewe unaangalia mita: ni kawaida namba kushuka, lakini ikishuka chini ya 9.6 au hapo karibu, na betri ilikuwa imejaa, basi betri hiyo imechoka. Injini ikishawaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki kwenye 12 na kitu, alteneta haijazi. Ikipita 15, kile kifaa cha kudhibiti umeme wa alteneta kimeharibika. Betri itachemka, maji yake yataisha upesi, na balbu zitaungua moja baada ya nyingine. Magari mapya yenye kompyuta hupandisha na kushusha namba hii yenyewe, kwa hiyo usishtuke ikichezacheza kidogo. Lori la volti 24 lina betri mbili zilizoungwa, basi zidisha namba hizo kwa mbili.

Na kama hakuna mita? Washa taa kubwa, halafu jaribu kuwasha gari huku mtu amesimama mbele. Taa zikizimika au kufifia kabisa, shida ni betri au vichwa vyake. Taa zikibaki kali na gari halisemi kitu, usiilaumu betri. Angalia stata, waya wake au swichi ya ufunguo. Kwa gari la otomatiki angalia pia kama gia iko mahali pake, maana lisipokuwa kwenye P au N haliwaki. Sauti nayo inasema. Ile ya "ta-ta-ta-ta" ya haraka mara nyingi ni betri iliyoishiwa.

Ule unga mweupe

Kabla ya kutoa shilingi hata moja, fungua boneti uangalie vile vichwa viwili vya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, umeme unapita kwa shida. Stata inahitaji njia pana, na kutu kidogo tu inaizuia hata kama betri ni mpya kutoka dukani. Fungua kwanza waya wa alama ya kutoa (-), ndipo ufungue wa kujumlisha (+). Ukirudisha, wa kutoa uwe wa mwisho. Sababu ni kwamba mwili mzima wa gari umeunganishwa na upande wa kutoa. Spana yako ikigusa kichwa cha kujumlisha na bodi kwa wakati mmoja, itatoa cheche za kuunguza mkono. Osha vichwa kwa maji ya moto yenye magadi kidogo bila kuingiza maji hayo ndani ya betri, kausha, kaza vizuri, halafu paka grisi au vaselini.

Ufuate pia ule waya mnene unaotoka kwenye alama ya kutoa hadi unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Barabara zetu zinatikisa, matope yanaingia, na nati hulegea. Waya huo ukilegea gari huwa na vituko: ukiwasha indiketa, taa ya nyuma inacheza nayo, ukipiga honi, taa zinafifia. Wengine husema gari limerogwa. Ni nati moja ya kukaza.

Kitu kinachokunywa usiku

Gari likilala siku moja linawaka, likilala siku nne halitaki. Hapo kuna uvujaji. Taa ndogo ya ndani ya wati 5 inakula kama ampea 0.4. Kwa usiku wa saa kumi na mbili ni ampea-saa 5 hivi, na betri ya kawaida ya gari dogo ina 45 hadi 60. Piga hesabu. Taa kubwa zikisahauliwa zimewaka, betri hiyo haifiki asubuhi.

Mara nyingi mhalifu ni kitu kilichoongezwa baadaye: redio kubwa, alamu, taa za urembo za matatu, kifaa cha kufuatilia gari. Fundi huzima kila kitu, hutoa waya wa kutoa, huweka mita katikati na kusoma ampea. Akishasubiri dakika kadhaa kompyuta ya gari ilale, kisomo kisizidi 0.05 hivi. Kikizidi, anang'oa fyuzi moja moja mpaka kishuke, na hiyo fyuzi inamwonyesha njia ya kufuata. Asijaribu kuwasha gari mita ikiwa hapo, ataiunguza.

Ile taa nyekundu

Taa ya betri ikiwaka safarini, maana yake alteneta haijazi na unaendesha kwa kile kilichobaki mtungini. Simama pahali salama uangalie mkanda. Ukiwa umekatika, na katika injini yako mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji, usiendelee hata kilomita mbili, injini itachemka na kuharibika. Mkanda ukiwa mzima, zima redio na kila kisichohitajika, usizime injini, uende moja kwa moja kwa fundi. Usiku ni hatari zaidi, kwa sababu taa zitafifia polepole na dereva hatatambua mpaka zimekuwa kama mshumaa. Gari lisiloonekana barabarani limeua watu wengi. Mkanda unaopiga kelele asubuhi pia ni onyo. Umelegea au umelika.

Karatasi ya sigara si fyuzi

Hapa naomba tusikilizane. Fyuzi ni mlinzi. Waya ukipitisha umeme kupita kiasi fyuzi inaungua kwanza ili waya usiungue. Zile za plastiki zina rangi zake: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, manjano 20, kijani 30. Ukiweka karatasi ya sigara au kipande cha waya, umemfukuza mlinzi. Waya utapata moto chini ya kiti, pembeni ya tangi la petroli, na watu kumi na wanne wamo ndani.

Mara nyingi sababu ya fyuzi kuungua ni sisi wenyewe. Balbu mbili za wati 55 zinakula ampea 9 hivi. Mtu akiona giza ananunua za wati 100, na sasa zinakula karibu 17. Fyuzi ya 15 inaungua, naye anaweka ya 30, lakini waya ni ule ule mwembamba wa kiwandani. Ukitaka taa kali zaidi, fundi aweke waya mnene, rilei na fyuzi yake. Tena angalia kioo cha taa kwanza. Kikiwa kimekuwa cha manjano, hata balbu ya namna gani haitasaidia.

Mambo ya kumkataza fundi

Mafundi wetu wa jua kali wengi ni hodari na wamefundishwa na kazi. Lakini kuna desturi moja ya zamani: kutoa waya wa betri injini ikinguruma ili kuona kama alteneta inafanya kazi. Kwa magari ya zamani sana ilivumilika. Kwa haya yanayoletwa kutoka Japani yenye kompyuta, umeme unaweza kuruka juu ghafla na kuchoma kompyuta au alteneta yenyewe. Mkataze kwa heshima na umpe mita. Tena akibadilisha kitu, aulizwe namba alizosoma kabla na baada, na kile cha zamani akirudishe kwa kamati.

Ukiazima umeme kwa gari lingine, hakikisha na hilo ni la volti 12. Waya mwekundu uunganishe kujumlisha kwa kujumlisha. Mweusi utoke kwenye alama ya kutoa ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho ifungwe kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Betri hutoa hewa inayoshika moto. Kwa hiyo hakuna sigara, hakuna kiberiti, na hakuna kuchungulia na koroboi. Asidi ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, halafu hospitali. Gari la gia za mkono linaweza kusukumwa. La otomatiki mnajichosha bure.

Betri yenye vifuniko iongezwe maji ya betri ya dukani tu mpaka yafunike sahani zilizo ndani. Maji ya kisima yana chumvi. Usiongeze asidi. Na tafadhali, betri ya gari isiende nyumbani kuwasha televisheni wikendi halafu Jumatatu irudi garini. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, na ukiimaliza kabisa mara kwa mara inakufa mapema. Kwa kazi ya nyumbani kuna betri za sola.

Betri iliyokufa

Betri ya gari ikitunzwa hukaa miaka miwili hadi minne, halafu basi. Ndani yake kuna risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu hiyo mwilini. Phyllis Omido, aliyewapigania, alipewa Tuzo ya Goldman ya Mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikatengua, na mnamo Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha amri hiyo. Kwa hiyo betri kuukuu isivunjwe uani ili kutoa risasi ya kuuza, isimwagwe asidi shambani, na watoto wasiichezee. Irudisheni dukani mnaponunua nyingine. Maduka mengi hupunguza bei ukija na ile ya zamani, lakini ni lazima uulize kabla hujalipa.