Kwa nini jeshi kubwa linakimbia mbele ya jeshi dogo?

Watu wengi wanafikiri kwamba vita ni hesabu tu. Wenye waaskari wengi, bunduki nyingi na ndege, hao watashinda. Wenye wachache watapotea. Kama ingekuwa vile, historia ya inchi yetu ingekuwa ingine kabisa.

Wewe uliyezaliwa Kamina, ao Kolwezi, ao Likasi, uliza wazee. Watakuambia kwamba kwa miaka 20 tu, toka 1977 mpaka 1997, jeshi kubwa la Zaïre lilikimbia mara tatu mbele ya watu wachache, na kila mara vita ile ilifika mu Katanga yetu. Kwa nini? Ndugu msomaji, tuangalie pamoja. Sababu zake haziko za jeshi tu. Zinaweza kuvunja kampuni, kanisa, hata nyumba yako.

MUTSHATSHA NA KOLWEZI

Tarehe 8 Machi 1977, wapiganaji wa FNLC walivuka mpaka wa Angola. Wengi wao walikuwa waaskari wa zamani wa Katanga ya Moïse Tshombe, wale waliokimbilia Angola kiisha kujitenga kwa Katanga kukomeshwa mu 1963. Mkubwa wao aliitwa Nathanaël Mbumba. Hesabu yao inakadiriwa elfu 2 hivi. Upande wa pili kulikuwa jeshi la taifa, lenye makumi ya maelfu ya watu. Lakini Dilolo, Kapanga, Kisenge, kiisha Mutshatsha, vyote vilianguka, pengine bila mapigano makubwa. Ilipasa kuita wageni: mu Aprili ndege za Ufaransa zikaleta waaskari 1500 hivi wa Moroko, ndipo wapiganaji wale wakarudi Angola.

Kiisha vita, waaskari wa serikali wakaingia mu vijiji kulipiza kisasi, na maelfu ya watu wakakimbilia Angola. Fikiria neno hili: jeshi limerudishiwa inchi, na watu wa inchi wanalikimbia!

Mwaka uliofuata, tarehe 13 Mei 1978, wapiganaji wale wakarudi kwa njia ya Zambia na kukamata Kolwezi, mji wa shaba. Tena wageni wakaitwa. Paracommando wa Ufaransa wakaruka juu ya mji tarehe 19 Mei, na Wabeleji wakashukia kwanza ku Baze ya Kamina, hapa kwetu, mbele ya kwenda Kolwezi. Watu mamia walikufa, weusi na weupe.

Serikali ilikuwa imeonywa mara mbili. Je, ilijifunza?

MIEZI SABA TOKA UVIRA MPAKA KINSHASA

Mu Oktoba 1996 vita ikaanza mu Kivu ya Kusini. Wapiganaji wa AFDL ya Laurent-Désiré Kabila walikuwa kwanza maelfu machache. Wengi wao walikuwa vijana wadogo, ndio maana watu waliwaita kadogo. Jeshi la Mobutu, ukihesabu pamoja na jandarmeri na Garde Civile, lilikadiriwa kuwa na watu elfu 50 hivi.

Uvira ikaanguka, kiisha Bukavu, kiisha Goma. Mu Januari 1997 Kinshasa ikatangaza kwamba jeshi litapiga adui kwa nguvu sawa umeme. Wakaleta hata mamluki Waserbia ku Kisangani. Lakini Kisangani ikaanguka tarehe 15 Machi, Lubumbashi mu Aprili, na tarehe 17 Mei 1997 wapiganaji wakaingia Kinshasa. Miezi saba kwa inchi kubwa namna ile, na sehemu kubwa ya safari waliifanya kwa miguu!

Tuseme kweli yote. AFDL haikuwa peke yake. Rwanda na Uganda ziliitia nguvu toka mwanzo, na nyuma Angola pia, pamoja na wazee na watoto wa wale wapiganaji wa 1977. Tena vita ile haikuwa nyimbo na matawi tu. Wagonjwa waliuawa mu hospitali ya kanisa ya Lemera siku ya 6 Oktoba 1996, na wakimbizi wengi wa Rwanda, wanawake na watoto pia, waliuawa mu pori. Mkristo asisifu damu. Lakini msaada wa wageni hautoshi kueleza kwa nini jeshi lilitupa bunduki na kukimbia miji hata mbele adui hajafika.

JESHI LILIKUFA MBELE YA VITA

Kwanza: mshahara. Askari wa Zaïre alikaa miezi mingi bila kulipwa, ao alilipwa franga zisizotosha kununua hata kapo moja ya bukari kwa watoto. Mu Septemba 1991 waaskari wakaasi Kinshasa na kupora mji, na uporaji ukafika miji mingine. Mu Januari 1993 wakalipwa kwa noti mpya ya milioni 5 za zaïre. Wafanyabiashara wakaikataa, na waaskari wakapora tena. Mtu aliyezoea kula kwa bunduki yake haoni adui mbele. Anaona tu duka la kupora nyuma.

Pili: uongo. Wakubwa waliandika majina ya waaskari wasiokuwako, wakakula mishahara yao. Mafuta ya gari na risasi vikauzwa. Basi ku karatasi kulikuwa kikosi. Ku uwanja hakukuwa kitu. Mkubwa wa Kinshasa alihesabu watu ambao hata kivuli chao hakikuwako.

Tatu: upendeleo. Mobutu aliogopa kupinduliwa kuliko alivyoogopa adui wa inje. Mu 1978 maafisa wengi wa majimbo mengine walifukuzwa jeshini. Kikosi chake cha kumlinda, DSP, kilipata mshahara na silaha nzuri, na wakubwa wake wengi walitoka upande wake wa Équateur. Wengine waliachwa bila viatu. Vikosi vikawa vingi, kila kimoja kikichunguza kingine. Nani atakufa kwa ajili ya ndugu anayemchunguza?

Ine: watu. Askari alipopita mu kijiji, mama alificha kuku na binti. Ndiyo sababu mu miji mingi watu walishangilia kuona jeshi lao linaondoka. Jeshi lisilopendwa na watu haliambiwi njia wala haliletewi maji.

Mkubwa mmoja alikuwa na sifa ya kuwa askari wa kweli: Jenerali Mahele Lieko Bokungu, aliyefanywa mkuu wa jeshi mu Desemba 1996. Alikuja nyuma sana. Alitaka Kinshasa isimwage damu, na usiku wa mwisho, mu Mei 1997, akauawa ku kambi Tshatshi na waaskari wa DSP, wale waliolipwa vizuri kupita wote. Mshahara bila moyo ulifanya nini basi?

MFALME WA CHINA NA SAUTI YA KORONGO

Usiseme, "Ile ni mambo ya Wakongomani." Hapana. Mu mwaka wa 383 kiisha Kristo, mfalme mmoja wa China ya kaskazini, jina lake Fu Jian, alitaka kukamata China ya kusini. Vitabu vya zamani vinasema alikuwa na watu zaidi ya elfu 800. Wenye elimu wa leo wanaona hesabu ile ni kubwa mno, lakini wote wanakubali jeshi lilikuwa kubwa sana. Ndugu yake mwenyewe, Fu Rong, alimwambia asiende. Hakusikia. Alijisifu kwamba waaskari wake wakitupa fimbo zao mu mto Yangtze, maji yatasimama. Watu wa kusini walikuwa elfu 80 hivi.

Majeshi yakakutana ku mto Fei. Mkubwa wa kusini, Xie Xuan, akatuma neno: "Rudini nyuma kidogo, tuvuke, tupigane." Fu Jian akakubali, akifikiri atawapiga wakiwa katikati ya maji. Akaamuru jeshi lirudi nyuma kidogo. Lakini walioanza kurudi hawakusimama tena! Mtu mmoja wa kusini aliyekuwa amekamatwa, Zhu Xu, akalia kwa sauti nyuma ya jeshi kwamba wameshindwa. Wa nyuma hawakuona mambo ya mbele, wakaamini. Fu Rong akakimbia kuwasimamisha, farasi wake akaanguka, akauawa. Vitabu vinasema wale waliokimbia waliposikia upepo na sauti ya ndege korongo, waliwaza ni adui anawafuata.

Kwa nini? Maana jeshi lile lilikuwa mataifa mengi yaliyoshindwa na kulazimishwa. Walikuwa wengi, hawakuwa kitu kimoja. Miaka miwili nyuma, ufalme ulikuwa umepasuka na Fu Jian ameuawa.

WATU 300 WA GIDEONI

Soma Waamuzi sura ya 7. Gideoni alikuwa na watu elfu 32. Mungu akamwambia ni wengi mno. Wenye woga wakarudi, elfu 22. Wakabaki elfu 10, na ku maji wakabaki 300. Usiku, tarumbeta zikalia, mitungi ikavunjika, mienge ikaonekana, na Wamidiani wakageuziana panga wao kwa wao. Angalia vizuri: 300 hawakuwa na mkono ulio mshiko wa upanga, mmoja mwenye tarumbeta, mmoja mwenye mwenge. Woga uliokuwa tayari ndani ya kambi kubwa ndio uliofanya kazi.

Lakini usifunge Biblia pale. Sura ya 8, mstari wa 27 inaonyesha Gideoni mwenyewe akifanya kitu cha zahabu kilichokuwa mtego kwa nyumba yake. Mshindi pia anaweza kupotea. Mu inchi yetu tuliona vile: tarehe 2 Agosti 1998, miezi 15 tu kiisha kuingia Kinshasa, walioshinda pamoja wakaanza kupigana wao kwa wao, na mu Januari 2001 Kabila akapigwa risasi na mlinzi wake.

NA WEWE?

Mpaka leo vijana wanafundishwa uaskari ku Baze ya Kamina. Kijana, kama umechagua kazi ile, kumbuka Luka 3:14. Waaskari walimuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini. Hakuwaambia watupe mavazi ya jeshi. Aliwaambia wasinyanganye watu, wasishitaki kwa uongo, watosheke na mshahara wao. Na wewe unayelipa, jua kwamba neno la "watosheke na mshahara" linataka mshahara uwepo!

Wewe mkubwa wa ekipi mu kariere, unaandika majina ya wachimbaji wasiokuwako? Unajenga jeshi la karatasi. Wewe mzee wa kanisa, unawapa kazi watu wa kabila lako tu? Siku ya shida watakuacha. Wewe baba, watoto wako wanyamaza ukiingia nyumbani, na unafikiri ile ni heshima? Chunguza kama haiko woga. Nyumba ya woga inaanguka kwa sauti ya upepo.

Zaburi 33:16 inatufundisha kwamba mfalme haokolewi kwa wingi wa jeshi lake. Nguvu inaanzia pale ambapo mtu mdogo analipwa haki yake, anaambiwa kweli, na anajua kwamba mkubwa wake hatamtupa. Bwana atusaidie tuanze nyumbani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA MU JAMAA

1. Soma Waamuzi 7:1-8. Kwa nini Mungu alirudisha wenye woga kwanza?
2. Uliza mzee mmoja: mu 1978 ao 1997 alikuwa wapi, na waaskari walimtendea nini?
3. Ni nani mu nyumba yetu ambaye anafanya kazi nyingi na hapati shukrani?