Je, mtoto afanye testi ya kuingia shule inayochagua?

Kila mwaka darasa la sita likikaribia kumaliza, wengi wenu hapa Likasi mnatujia na swali hilo.

Tutenganishe kwanza mitihani miwili. ENAFEP ni mtihani wa serikali; kila mtoto anayemaliza shule ya msingi anaufanya, na akifaulu anaruhusiwa kuingia darasa la saba. Testi ni ya shule yenyewe: watoto ni wengi, nafasi ni chache. Asiyechukuliwa huko hajapoteza cheti chake. Watoto wasipoelezwa hivyo, wanalia kana kwamba wamefukuzwa masomoni.

Linalotusumbua zaidi ni gharama. Tangu 2019 shule za msingi za umma hazilipishi, pamoja na zile za makanisa zilizo chini ya mapatano ya 1977. Darasa la saba linalipiwa. Wazee wanakumbuka kampuni ya madini ikiwa na shule za watoto wa wafanyakazi wake. Leo kila nyumba inajihesabia. Na kama shule iko Lubumbashi, zaidi ya kilometa 100, ongeza internati, au chakula kwa shangazi atakayempokea. Tumemwona binti wa Kikula aliyefaulu testi vizuri sana, akarudi nyumbani kabla ya Noeli kwa kukosa minervali. Kurudi huko kulimvunja moyo kuliko kama angeshindwa. Kwa hiyo hesabuni miaka yote sita ya sekondari, si mwezi wa kwanza tu, kabla ya kumwandikisha. Yesu aliyetoa mfano wa mnara katika Luka 14 anawaelewa wazazi wanaohesabu.

Kuna tena Kifaransa. Mtoto anayerudisha chenji sokoni bila kukosea anaweza kukwama kwenye swali la hesabu kwa sababu hakuelewa sentensi yake. Hapo kilichopungua ni lugha, si akili. Asome Kifaransa kwa sauti kila jioni, miezi kadhaa kabla. Wiki moja ya mwisho haisaidii kitu.

Sisi tunaona hivi: kama nyumba inaweza kulipa na mtoto mwenyewe anataka, afanye. Lakini tusimtume kwa ajili ya sifa zetu mbele ya majirani. Na kabla ya siku ya testi ajue ataenda shule gani asipochukuliwa. Baba na mama wailtaje shule hiyo mbele yake bila kuona haya.