Mumiani Mwenye Cheti cha Udaktari

Je, wajua kuna gemu ambalo ukimtibu mgonjwa, damu yake inazidi kuwa tamu?

Linaitwa Vampyr, kazi ya kampuni ya Dontnod ya Paris, lililotoka Juni 2018. Mchezaji anakuwa Dokta Jonathan Reid, bingwa wa kuongezea watu damu, anayerudi London kutoka vitani mwaka 1918 wakati mafua makali yanaua watu ovyo. Anazinduka katikati ya maiti akiwa na kiu ya damu. Mtu wa kwanza kunyonywa naye ni Mary, dada yake wa tumbo moja.

Wazungu wamezoea mnyonya damu aliyefufuka kaburini. Mtoto wa Kisarawe au Kibaha ametishwa na mwingine kabisa: mumiani, mtu mzima wa afya, mwenye gari, sindano na ajira. Mwanahistoria Luise White aliyeandika kitabu kuhusu uvumi wa mumiani mwaka 2000 alikuta watu wakiwanyooshea kidole wazimamoto na hata watu wa afya. Kwa hiyo Reid, daktari anayenyonya, angetambulika Maili Moja ya Kibaha haraka kuliko Paris.

London ya gemu hili ina wakazi wapatao 60, kila mmoja na jina lake, maradhi yake na siri zake. Ukizungumza nao na kuwapa dawa, ubora wa damu yao hupanda. Ukiwanyonya baadaye, unavuna nguvu nyingi zaidi. Mtego wa kishetani, na umetegwa kwa ustadi. Mtazame nesi Dorothy Crane: anaiba dawa za hospitali ya Pembroke ili kuendesha zahanati ya siri kwa maskini wa Whitechapel. Mwizi huyo ndiye nguzo ya mtaa. Mtaa ukiishiwa watu wa namna yake, maradhi yanatapakaa, na mwishowe mazimwi yanautwaa.

Kwenye vibanda vya gemu vya mitaani, ambako watu hulipia mechi ya mpira, aliyefungwa anaanza upya. Hapa gemu linajihifadhi lenyewe, uliyemuua hurudishiwi.

Miisho iko minne. Anayetaka ule mwema kuliko yote hapaswi kumnyonya mkazi hata mmoja, na kwa sababu hiyo anakabili maadui akiwa dhaifu kuliko mchezaji aliyekula mtaa mzima.