Kuusoma Ubapa wa Upanga wa Kijapani: Utangulizi

Ukionyeshwa upanga wa Kijapani kwa mara ya kwanza, macho yatakimbilia makali, penye ule mstari mweupe wenye mawimbi uitwao hamoni. Nakuomba uuache kwanza. Panda juu yake kidogo, hadi kwenye ubapa. Taa ikimulika kwa upande, utaona nyuzi nyembamba kama za ubao uliopigwa randa. Hizo ndizo jihada, na ndizo somo letu.

Huenda ukadhani zimechorwa. La, hazikuchorwa. Feleji ya panga hizi, tamahagane, hupatikana kwa kuyeyusha mchanga wa chuma kwa makaa katika tatara, yaani tanuri la udongo. Hutoka haina ulinganifu: pande lina kaboni nyingi hapa, kidogo pale. Kwa hiyo mhunzi huipasha moto, akaifua, akaikunja, akaifua tena. Kila mkunjo huongeza tabaka maradufu, hivi kwamba pande moja likikunjwa mara 10 huwa na tabaka 1,024. Tabaka hizo hazifanani kikamilifu, na mnoaji anapoung'arisha ubapa kwa mawe laini, tofauti zao hujitokeza.

Sasa tuzipe majina. Tabaka zikitokeza kwa ubavu, nyuzi hunyooka sambamba na makali: hiyo ni masame, alama ya wahunzi wa Hosho katika jimbo la kale la Yamato. Zikitokeza kwa uso, nyundo ikiwa imezipinda huku na huku, tunapata itame, nyuzi zinazotiririka bila mpangilio. Penye vizingo vya duara, kama jicho la mti, tunasema mokume. Kisha kuna ayasugi, mawimbi mapana yanayojirudia, fahari ya ukoo wa Gassan. Hii, kwa maoni yangu, ndiyo rahisi kuliko zote kuitambua, ingawa ni adimu.

Usifadhaike ukikuta itame na mokume kwenye upanga mmoja; ndivyo ilivyo mara nyingi. Wala usidhani nyuzi kubwa ni kasoro na ndogo ni ubora. Kasoro halisi ni ufa, mahali tabaka zilipokataa kushikamana.

Anza na itame, kwa kuwa ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Tumia taa moja, uinamishe upanga polepole, na usiuguse ubapa kwa kidole: jasho huleta kutu.