Mchuuzi wa Mpakani na Ofisa Forodha: Nani Aanze Kumwamini Mwenzake?

Shangazi yangu alianza kupeleka machungwa ya Muheza kuyauza Mombasa kabla mimi sijaanza shule, na kila arudipo huja na doti za khanga za kuuza Tanga. Kwa miaka mingi alipita njia za panya. Hakuwa mhalifu, aliamini tu kwamba lango rasmi ni la wenye malori na mawakala. Siku aliyokamatwa, matenga yake yalizuiliwa katika kituo kimoja cha mpakani kwa siku nane. Machungwa yakaoza, na ada ya shule ya muhula ule ikapotea pamoja nayo.

Hata hivyo, hasara ile haikumuuma kama alivyoumia baadaye, alipoambiwa na mchuuzi mwenzake kwamba machungwa yale, lau angeyapitisha langoni, yasingetozwa ushuru wa forodha hata senti moja.

Ndivyo ilivyo. Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ilitiwa saini Machi 2004 na ikaanza kutumika Januari 2005. Kwa itifaki hiyo, bidhaa yenye asili ya nchi mwanachama huvuka kwenda nchi nyingine mwanachama bila ushuru wa forodha. Mwenye mzigo mdogo, usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, amewekewa utaratibu mwepesi zaidi: cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, ambacho hujazwa na kugongwa muhuri pale pale mpakani, madhali bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa.

Hapa ndugu msomaji asichanganye mambo. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha tu. Machungwa bado yanahitaji cheti cha afya ya mimea, na kodi za ndani hubaki palepale kwa bidhaa zinazohusika. Aidha, asili ya bidhaa si mahali iliponunuliwa. Khanga iliyochapwa India haigeuki kuwa ya Kenya kwa kuwa imenunuliwa Mombasa. Ikivuka mpaka hulipiwa ushuru. Akina mama wengi hunaswa hapo, nao huapa, kwa ukweli wa nyoyo zao, kwamba wameonewa.

Ama kwa upande wa ofisa, naye ana yake. Anawajua matajiri wanaougawa mzigo mmoja kwa vijana kumi ili kila fungu lionekane dogo. Amezishika risiti zilizoandikwa nusu ya bei. Akishadanganywa mara nyingi, humtazama kila abebaye tenga kwa jicho lile lile, na shangazi yangu hulipia hila za watu asiowajua.

Wafanyabiashara wakubwa wameshapatiwa dawa ya maradhi haya. Mwaka 2005, Shirika la Forodha Duniani lilipitisha mwongozo ambao, pamoja na mengine, unampa kampuni mwenye hesabu safi hadhi ya mfanyabiashara aliyeidhinishwa. Huyo hufungua vitabu vyake vikaguliwe, na idara ya forodha humpunguzia upekuzi na kumharakishia mizigo. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ina mpango wa namna hiyo. Ni ushirikiano mzuri, na siupingi. Ninalohoji ni kwa nini uaminifu wa namna hiyo uanzie kwenye makontena, ilhali mwenye matenga matano hupekuliwa hadi tunda la chini kabisa.

Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa kuwezesha biashara, ulioanza kutumika Februari 2017, unaitaka kila nchi mwanachama iwe na kamati ya taifa ya kusimamia jambo hili. Ningependa kumwona mchuuzi wa mpakani akikaa katika kikao hicho, tena si kama mgeni wa kupigwa picha.

Majengo yamekwisha kurahisishwa. Baina ya Horohoro na Lunga Lunga, ambako Wadigo wa pande mbili ni ndugu wa damu, msafiri hukutana na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja, katika nchi anayoingia, badala ya kusimama mara mbili. Kilichosalia ni mazungumzo ya watu walio chini ya paa hilo.

Shangazi siku hizi hupita langoni. Ana daftari la mistari, na risiti za khanga amezibana kwa pini kwa kufuata tarehe. Safari yake ya mwisho, ofisa kijana aliyapekua matenga mawili kati ya matano, akalipitia daftari, akamgongea cheti. Shangazi akamuuliza, "Mwanangu, hiyo orodha ya bidhaa mnayoisema kila siku iko wapi?" Kijana akatazama ukutani, hakuiona. Akaitafuta kwenye simu yake, akaigeuza simu kumwelekea, na shangazi akavaa miwani yake, akaanza kuisoma mwenyewe, foleni ikimsubiri nyuma.