Herufi ya gredi haikuambii mota

Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, nje kidogo ya mji wa Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kusimama mwaka 2021. Baada ya hapo eneo lake likapangiwa kazi nyingine: ukanda wa viwanda, na ndani yake kiwanda cha kusafisha nikeli, kobalti na shaba itakayochimbwa Kabanga, wilayani Ngara. Nikeli na kobalti ni madini ya betri, na tangu habari hizo zienee watu wa Kahama, Shinyanga na Geita wanauliza kuhusu magari ya umeme kuliko zamani. Swali ninaloulizwa zaidi, hata hivyo, halihusu madini. Ni la mnunuzi. Ameona kwenye mtandao wa magari yaliyotumika ya Japani Nissan Leaf mbili za mwaka mmoja na rangi moja. Moja imeandikwa S, nyingine G, na bei zimepishana. Anataka kujua kama hela anayoongeza inamnunulia mota yenye nguvu zaidi.

Hapana. Kwenye Leaf, herufi S, X na G zinahusu starehe na vifaa: viti, rimu, redio, kamera, taa, na namna ya kupasha joto ndani ya gari. Hicho kifaa bora cha kupasha joto kina thamani kubwa kwa mtu wa Hokkaido wakati wa theluji. Kwa mtu wa Kahama ni pesa iliyokaa bure. Mota chini ya boneti ni ileile.

Tumezoea kusoma gari kwa injini. Mtu akisikia Toyota ya sisi 1,500 na nyingine ya sisi 1,800, anajua bila kuambiwa ipi inakula mafuta na ipi inapanda mlima ikiwa na mzigo. Gari la umeme halina sisi. Lina kilowati, na kilowati hizo zinatoka mahali pawili kwa pamoja: kwenye mota na kwenye betri. Hapo ndipo wengi wanapotea, na hapo ndipo wauzaji wasio waaminifu wanapopata mwanya.

Leaf ni mfano mzuri wa kujifunzia kwa sababu historia yake haina mafumbo. Ya kwanza ilitoka Desemba 2010 ikiwa na mota ya kilowati 80 na betri ya uniti 24. Uniti zilezile tunazonunua kwenye LUKU. Mwishoni mwa 2012 Nissan walibadilisha mota. Mpya iliitwa EM57, ikafungwa kwa kubebana na inveta na chaja mbele ya gari, na wakapunguza kwa asilimia 40 madini adimu ya disprosiamu yanayotiwa kwenye sumaku ili zivumilie joto. Nguvu ilibaki kilowati 80. Mwishoni mwa 2015 ikaja betri ya uniti 30, mota haikuguswa. Mwaka 2017 likaja umbo jipya, uniti 40, kilowati 110. Januari 2019 likafuata toleo la e+, uniti 62, kilowati 160.

Toka kilowati 80 hadi 160 ni mara mbili kamili. Lakini fungua boneti ya e+ ukasome kibati: mota ni EM57. Jina lilelile la 2012. Hata mfano wa gari, ZE1, ni uleule wa Leaf ya uniti 40. Na kwa kuwa gredi za X na G zinapatikana kwenye toleo la kilowati 110 na pia kwenye e+, mtu anaweza kukuonyesha karatasi iliyoandikwa ZE1, G, EM57, kila herufi ikiwa ya kweli, na bado usijue kama unanunua kilowati 110 au 160.

Nguvu hiyo ya ziada imetoka wapi basi, kama mota haikubadilika jina? Fundi umeme aliyewahi kushika pampu au mkanda wa kubebea mawe mgodini ataelewa haraka. Pale mota haiunganishwi moja kwa moja na umeme wa gridi. Kuna kabati katikati linalopanga kasi na mkondo unaoingia kwenye mota. Kwenye gari kazi hiyo hufanywa na inveta. Inapokea umeme wa betri, inaukata na kuugeuza kuwa wa fezi tatu, na kila sekunde inaamua ni ampea ngapi zipite kwenye nyaya za shaba. Mota iliyosukwa vizuri ina uwezo wa kubeba ampea nyingi kuliko inazopewa. Kinachoibana ni betri: kila seli ina kiwango chake cha kutoa umeme kwa nguvu bila kupata joto la kuiharibu. Ukifunga pampu kubwa kwenye kisima chenye maji kidogo, maji hayaongezeki.

Hesabu yake inaonekana wazi. Betri ya uniti 40 ina seli 192. Ya e+ ina seli 288, yaani nusu zaidi. Gawanya kilowati 110 kwa seli 192, kila seli inatoa wati 573. Gawanya kilowati 160 kwa seli 288, unapata wati 556. Karibu sawa! Wahandisi waliongeza seli, wakairuhusu inveta ipitishe mkondo zaidi, na mota ileile ikatoa karibu nusu ya nguvu juu ya ile ya awali. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kwenye gari la umeme swali la mota halijibiki mpaka uwe umeuliza la betri.

Sasa nguvu hiyo dereva anaihisi wapi? Si pale anapodhani. Nguvu ya msokoto, ile inayokusukuma nyuma kwenye kiti gari linapoanza kuondoka, ni nyutoni mita 320 kwenye Leaf ya uniti 40 na 340 kwenye e+. Tofauti ndogo mno. Leaf haina gia za kubadilisha. Mota inazunguka zaidi ya mara nane kwa kila mzunguko mmoja wa tairi. Kwa hiyo mota ya toleo dogo inafika kilele cha kilowati 110 gari likiwa kwenye kasi ya kilomita 48 hivi kwa saa, na kuanzia hapo nguvu haipandi tena. Ile ya e+ inaendelea kupanda mpaka kasi ya kilomita 67 hivi. Chini ya kilomita 48, katikati ya mji wa Kahama, kati ya bodaboda na guta, magari haya mawili ni pacha. Yanaachana barabara kuu. Ukiwa nyuma ya semi linaloelekea mpakani Rusumo na unataka kulipita kutoka kasi ya 80, hapo kilowati 160 zinafanya kazi uliyozilipia. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, takwimu za kiwandani zinatoa sekunde 7.9 kwa toleo dogo na 6.9 kwa e+: sekunde moja tu kwa kilowati 50 za ziada.

Kuna namba nyingine ambayo matangazo huiruka. Kilowati 110 ni kilele, nguvu ya muda mfupi. Vipimo vya Japani huandika pia nguvu ya kudumu, na kwa Leaf ya uniti 40 ni kilowati 85. Mota inaweza kukaa kwenye hiyo bila kupashwa joto kupita kiasi. Mafundi wa kusuka mota wanalijua jambo hili kwa pua zao: harufu ya vanishi iliyoungua ni mota iliyofanyishwa kazi ya kilele kwa saa nyingi. Gari la umeme lina kompyuta inayozuia hilo kwa kupunguza nguvu mapema, kwa hiyo haliungui, linalegea.

Si kila kampuni inafuata njia ya Nissan. BYD Dolphin, kama ilivyouzwa Uingereza, inafanya kinyume kabisa: jina la gredi ndilo linalokuambia mota. Active ina kilowati 70, Boost ina 130, Comfort na Design zina 150. Na tazama betri: Active na Boost zinatumia ileile ya uniti 44.9. Hapa betri moja imepewa mota mbili zenye nguvu tofauti, na ya pili ni karibu mara mbili ya ya kwanza. Aliyejifunza kwenye Leaf kwamba gredi ni viti na redio akiingia kwa BYD na elimu hiyo ataumia.

BYD Seal inakwenda mbele zaidi, inaongeza mota ya pili. Gredi ya Design ina mota moja ya kilowati 230 inayozungusha magurudumu ya nyuma. Excellence ina hiyo hiyo, pamoja na nyingine ya kilowati 160 mbele, jumla 390. Betri ni moja kwa zote mbili, uniti 82.5. Kipimo cha Ulaya kinaipa ya kwanza kilomita 570 kwa chaji moja na ya pili 520. Kilomita 50 zimekwenda na uzito wa mota ya ziada na kazi ya kuizungusha.

Mota hizo mbili si za aina moja, na hii ni sehemu ya uhandisi ninayoipenda sana. Ya nyuma ina sumaku za kudumu kwenye kiini chake kinachozunguka. Inatumia umeme kwa ufanisi mkubwa, lakini sumaku hazizimiki. Hata usipoipa umeme, magurudumu yakiizungusha inavuta breki kidogo. Ya mbele haina sumaku. Usumaku wake unaumbwa na mkondo wenyewe. Ukikata mkondo, inazunguka bure. Kwa hiyo gari linatembea na mota ya nyuma siku nzima, na ya mbele inaamshwa pale tu inapohitajika. Volkswagen na Tesla wametumia mpango huo huo kwenye magari yao ya mota mbili.

Watu wa huku wakisikia mota mbili wanawaza udongo wa mbuga wakati wa masika, na sishangai. Ila Seal iko sentimita 12 tu juu ya ardhi. Mota mbili hazinyanyui tumbo la gari. Kwa barabara za vumbi za kuelekea vijijini, kimo kina maana kuliko idadi ya mota, na Leaf nayo si gari la huko.

Turudi kwenye nikeli ya Kabanga, maana gredi inaigusa pia. Betri ya Leaf ya uniti 40 ina nikeli, manganizi na kobalti. Betri za BYD nilizozitaja hazina nikeli wala kobalti. Ni za chuma na fosfati, nafuu zaidi na ngumu kushika moto. Na ndani ya gari moja mambo yanaweza kugawanyika: Tesla waliwahi kuiuza Model 3 ya bei ya chini ikiwa na betri ya chuma na fosfati, huku zile za mwendo mrefu zikibaki na nikeli. Mnunuzi akichagua gredi ya chini anadhani amechagua bei. Amechagua madini pia. Kiwanda cha Buzwagi kikija kujengwa, soko lake la betri litaamuliwa kwa sehemu na watu wa mbali wanaoamua kama wanahitaji gredi ya juu. Shaba haina wasiwasi huo, kwani hakuna mota yoyote kati ya hizi isiyosukwa kwa shaba.

Kwa anayetaka kununua sasa na anaishi Kahama, ushauri wangu ni kuanza na safari zake halisi. Kwenda Shinyanga na kurudi ni zaidi ya kilomita 200. Leaf ya uniti 40 ikiwa mpya ilipimwa Marekani kilomita 243, na hakuna atakayekuuzia mpya. Betri ya Leaf hii haina mfumo wa kuipooza. Inategemea upepo tu, na joto la Shinyanga linaichosha. Kwa hiyo mwombe muuzaji vitu vitatu kabla hujatuma hata senti: picha ya kibati, karatasi ya mnada inayotaja kilowati au alama ya e+, na picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa, ikionyesha vijiti vidogo vya afya ya betri upande wa kulia. Gari zima lina 12. Kijiti cha kwanza kikishaondoka, betri imepoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake. Uliza pia kuhusu chaja iliyomo ndani ya gari, kwa sababu huko Japani ya kilowati 3 ndiyo ilikuwa ya kawaida na ya kilowati 6 ilikuwa ya kuongezewa: ya kwanza inajaza uniti 40 kwa saa 16 hivi, ya pili kwa saa 8. Kwa mtu anayelala saa 4 usiku na kuamka saa 12 asubuhi, chaja hiyo ina maana kuliko kilowati zote za mota.