Kupaka mvi rangi

Kupaka mvi rangi ni kuzipa nywele nyeupe za kichwani au ndevuni rangi nyingine, mara nyingi nyeusi au kahawia. Mvi hutokea pale seli zilizo kwenye mizizi ya nywele zinapoacha kutengeneza melanini, ambayo ndiyo huipa nywele rangi yake.

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoa wa Lindi, kama kwingineko kusini mwa Tanzania, mtu anaweza kupaka mwenyewe nyumbani au kwenda kwa kinyozi. Vifaa vya nyumbani ni vichache: bakuli la plastiki, brashi au mswaki wa zamani, kitana, glovu na taulo kuukuu. Rangi nyeusi yenyewe wengi huiita piko. Jina hilo hilo hupewa rangi nyeusi ya kuchorea maua kwenye mikono na miguu ya bibi harusi.

== Hina ==
Rangi ya zamani zaidi katika pwani ya Waswahili ni hina, inayotokana na majani ya mhina (Lawsonia inermis) yaliyokaushwa na kusagwa. Hina halisi hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia nyekundu. Peke yake haitoi nyeusi. Wazee Waislamu wenye ndevu nyekundu hufuata hadithi iliyopokewa na Muslim kuhusu Abu Quhafa, baba yake Abubakar, ambaye Mtume aliagiza mvi zake zibadilishwe rangi lakini isiwe nyeusi. Kwa hiyo unga unaouzwa kwa jina la "hina nyeusi" umechanganywa na kitu kingine, na mara nyingi kitu hicho ni PPD.

== Rangi za viwandani ==
PPD ni kifupi cha parafenilenidiamini. Mwaka 1907 mkemia Mfaransa Eugène Schueller alitengeneza rangi ya nywele ya viwandani, na mwaka 1909 akaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa L'Oréal. Rangi nyingi za kudumu hufanya kazi hivi: amonia hulegeza magamba ya unywele, chembe ndogo za PPD hupenya ndani, kisha peroksidi ya hidrojeni huziunganisha kuwa chembe kubwa zenye rangi, ambazo haziwezi kutoka tena kwa kuoshwa. Rangi za unga zinazochanganywa na maji huweza kuwa na chumvi inayotoa peroksidi ikilowa. Hata shampuu ya rangi, ambayo wengi huiona kuwa ni sabuni tu, huweza kuwa na PPD. Tangu mwaka 2019 vipodozi Tanzania husimamiwa na Shirika la Viwango (TBS).

== Piko na mzio ==
PPD huweza kusababisha mzio wa ngozi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 katika rangi ya nywele iliyokwisha changanywa, na hauruhusu kuipaka kwenye ngozi. Piko la kuchora huwekwa juu ya ngozi moja kwa moja, tena huweza kuwa zito kuliko hapo. Binti aliyechorwa maua ya harusi akapata malengelenge huweza kupona, lakini mwili hausahau: miaka thelathini baadaye anapoanza kupaka mvi, uso na macho huweza kuvimba. Mtu wa namna hii asitumie kabisa rangi yenye PPD, hata kidogo.

PPD ikimezwa ni sumu kali. Shingo na koo huvimba, mkojo huwa mweusi na figo huweza kushindwa kufanya kazi. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja pamoja na pakiti ya rangi. Rangi isihifadhiwe kwenye chupa ya soda ambako watoto huifikia.

== Namna ya kupaka ==
Siku mbili kabla, rangi kidogo iliyochanganywa hupakwa nyuma ya sikio au kwenye kiwiko kwa ndani, na kuachwa saa 48. Jaribio hili hurudiwa kila mara, maana mzio huweza kuanza baada ya miaka ya matumizi. Ngozi ikiwasha au kuwa nyekundu, rangi hiyo isitumike.

Pembeni mwa uso hupakwa mafuta ya mgando ili ngozi isishike rangi. Bakuli la chuma halifai. Dawa ya kulainisha nywele isitumike siku hiyo, kwani kichwa kilichochubuka hupokea kemikali kwa urahisi. Nyusi na kope zisiguswe. Muda ni ule ulioandikwa kwenye pakiti. Kuzidisha hakuongezi weusi. Maji ya kutosha ya kusuuzia yatayarishwe mapema, hasa pale yanapotekwa kwa ndoo. Mabaki yaliyochanganywa humwagwa: yakifungwa kwenye chupa hutoa gesi na kuipasua.

Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, hivyo mstari mweupe huonekana tena kwenye mizizi baada ya wiki chache.